Mayai Kumi na Matatu ya Kipande cha Saba

Mtu wa kwanza kuyaona alikuwa Festy Coyne. Na huyu Festy, ambaye wiki iliyopita tu alimkamata fahali pembe mbele ya halaiki ili binti mmoja amwone, alitimua mbio nusu maili bila kofia mpaka kituo cha polisi, akafika anahema, akaweza kutoa maneno mawili tu: "Kipande saba."

Saa mbili na robo asubuhi Sajini Austin Lavelle alikuwa amepiga magoti kwenye umande wa kipande hicho. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta wa mawe, watu kama hamsini walikuwa wamejipanga kimya kama waliokuja kutazama maiti. Hakuna aliyevuka ukuta. Hata mbwa wao hawakuvuka.

Kiota cha nyasi kavu kilikuwa kimefukiwa chini ya bonge la majani, bonge lililokatwa kwa koleo na kurudishwa vizuri kama kifuniko cha sufuria. Festy asingekiona kama asingelikanyaga. Ndani yake mayai. Lavelle aliyahesabu mara mbili. Kumi na matatu, yote ya rangi ya kahawia.

"Usiyaguse, Sajini!" Huyo alikuwa Mzee Coyne, baba yake Festy, ameshika ukuta kwa mikono miwili. "Una mama hai wewe!"

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha kuhesabu mayai, mzee."

Alijibu bila kugeuka. Alipiga ishara ya msalaba kifuani, akashukuru kwamba Mungu alimpa mgongo mpana wa kuificha.

Hapo Cloonbrack hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ukikuta mayai yamefukiwa shambani mwako, hiyo ni fingo. Baraka ya shamba inamhamia aliyeyafukia. Ng'ombe wako watakauka maziwa, viazi vitaoza vikiwa chini, na atakayeingiza jembe la kwanza atachimba kaburi la mtu wake kabla mwaka haujageuka. Na katika siku zote za Mungu, fingo hii ilikuwa imetegwa siku ya kuokota namba.

Lodi Hartsmere alilimiliki shamba zima la Cloonbrack kwa miaka arobaini na alilitembelea mara moja. Akaona mvua, akaamuru farasi wageuzwe. Miaka yote hiyo majani mazuri ya bondeni yalikodishwa kwa tajiri mmoja wa ng'ombe, miezi kumi na mmoja kwa miezi kumi na mmoja, huku familia ishirini na moja zikibanana pembezoni mwa tope zikilima viazi juu ya mawe. Sasa Tume ya Ardhi ilikuwa imelinunua shamba, ikalikata vipande ishirini na kimoja. Saa sita mchana, darasani, namba zingetiwa kofiani na kila mwenye nyumba angeokota yake.

"Sajini," alisema Bwana Odlum, "haya ni mayai."

Odlum alikuwa mpimaji wa Tume, mtu mrefu wa Dublin mwenye mafua yasiyokwisha. Ni yeye peke yake aliyekuwa ameruka ukuta kumfuata Lavelle.

"Naona, bwana."

"Basi waambie waje waokote namba, watie sahihi."

"Hawatakuja. Nani aingize mkono kwenye kofia yenye namba saba ndani yake? Ungeingiza wewe?"

"Mimi ningeingiza."

"Wewe una nyumba Dublin."

Odlum alipenga kamasi. "Nisikilize. Amri niliyopewa ni moja: wote au hakuna. Hata mmoja akikataa, orodha inarudi Dublin. Na kesho ni mnada wa majani." Akaashiria barabarani kwa kidevu. Hyacinth Tuohy, yule tajiri wa ng'ombe, alikuwa amekaa juu ya farasi wake mwekundu akitafuna kijiti. "Yule bwana atayachukua miezi mingine kumi na mmoja. Baada ya hapo sijui serikali itakuwa na hamu gani. Wala wewe hujui."

Ukutani minong'ono ilikuwa imeanza kupata jina. Mannion. Ni Mannion. Mchunga ng'ombe wa Tuohy, nani mwingine? Lavelle aliwaona vijana wawili wakiondoka, kila mmoja na fimbo yake.

Aliinamia kiota tena, safari hii kwa haraka. Kila yai lilikuwa na alama upande mmoja: msalaba mdogo mweusi. Alilamba kidole, akausugua. Masizi ya jikoni. Akatwaa la kwanza, akaligonga kwenye jiwe. Ukutani akina mama walijifunika nyuso kwa shali.

Harufu ilimpiga mpaka machozi yakamtoka. Lakini aliangalia. Maji ya kijivu, uozo, basi. Hakuna mdomo, hakuna unyoya, hakuna hata kamshipa ka damu. Akavunja la pili, la tatu, mpaka la kumi na mbili. Yote viza tupu. La kumi na tatu alilifunga kwenye leso, akalitia mfukoni taratibu kama mtu anayebeba baruti.

Kabla ya kuinuka alitazama pale alipo. Kipande cha saba kilikuwa kikubwa, kimenyooka toka barabarani hadi mtoni. Mtu anayetaka baraka ya shamba hufukia katikati. Haya yalikuwa yamefukiwa kwenye kona ya juu kabisa, karibu na mti wa miiba, hatua tatu tu kutoka kwenye mawe madogo meupe yaliyozama majanini. Aliliweka hilo kichwani, akaokota kofia ya Festy na kumpelekea.

"Ichome moto," alisema Festy, mikono nyuma.

Lavelle akaichomeka kwenye mkanda wake.

Barabarani Tuohy alimsubiri akitabasamu. "Habari za mapishi, Sajini?"

"Kuku wako ni wa aina gani, Bwana Tuohy?"

"Wale weupe wa kutoka ng'ambo. Mke wangu hataki wengine uani kwake."

"Hutaga mayai gani?"

"Meupe kama meno ya padri. Kwa nini?" Halafu akaelewa, na tabasamu likaanguka. "Ewe! Usinitie mimi katika uchafu huo. Majani yao nayataka, sikatai, na nitayapata kwa mnada, mchana kweupe. Lakini fingo? Niliposikia tu, nimewatoa maksai wangu wote kwenye malisho ya jirani. Kawaulize. Wako mlimani wanakula mawe."

Alikuwa ameshika rozari ndani ya kiganja cha glavu. Lavelle aliiona ncha yake. Mtu aliyetega mtego haogopi kuukaribia.

Saa tatu na nusu duka la Nonie Fallon lilikuwa limefurika. Wengine walikuja kununua chumvi, wengine kununua habari, na Nonie aliuza vyote viwili kutoka kaunta moja. Mjane mnene, mashavu mekundu, hakuna barua iliyopita kwake bila yeye kujua uzito wake. Alipomwona Lavelle alipiga kaunta.

"Tokeni! Tokeni nyote! Sajini anataka kuninong'oneza, kwa umri wangu huu bahati hiyo haiji mara mbili."

Walitoka hadi mlangoni, wakabaki hapo hapo.

"Mama Nonie, nani Cloonbrack hana jogoo?"

Nonie aliacha kupima chumvi. "Jogoo?"

"Mayai yale yaliatamiwa. Yametiwa alama, kama mnavyofanya nyie wote, ili kuku mwingine akitagia humo lijulikane yai geni. Yaliatamiwa siku ishirini na moja na hayakutengeneza kitu. Yai moja likiharibika, ni bahati mbaya. Kumi na mawili?"

"Ni nyumba isiyo na jogoo," alisema Nonie polepole. "Loo. Na wao kule nje wanatafuta mchawi." Akahesabu kwa vidole. "Mwalimu hana, lakini mwalimu hana hata kuku. Darby Mannion hana, mbweha alimchukua mwezi wa pili. Na Bina Gilmartin. Maskini Bina alikuwa na jogoo mmoja, akamchinja mkesha wa Mtakatifu Martin, damu akaimwaga kizingitini kama inavyopaswa. Nilimwambia, 'Bina, mwage damu ya kuku jike, Mtakatifu hatachungulia.' Akasema alishaweka nadhiri."

"Asiye na jogoo hufanyaje akitaka vifaranga?"

"Anaomba mayai kwa jirani mwenye jogoo. Mtoto mdogo anajua hilo. Huwezi kumwekea kuku wako mayai makavu, labda uwe mwendawazimu." Alinyamaza ghafla, jambo lililowafanya watu wa mlangoni wasogee karibu. "Mwezi uliopita, wiki ile ramani ilipobandikwa mlango wa shule, Bina hakuniletea yai hata moja. Yeye huleta mayai, mimi nampa chai na sukari. Wiki ile alirudi mikono mitupu. Nikamwambia chukua chai tu, akakataa."

"Ramani ilibandikwa lini?"

"Sikukuu ya Bikira Maria."

Siku ishirini na mbili zilizopita. Lavelle alivaa kofia yake.

"Sajini." Sauti ya Nonie ilikuwa imeshuka. "Bina hana ubaya. Kaanze kwa Mannion."

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Makelele ya kwa Mannion yalisikika toka njiani. Vijana kumi na wawili walikuwa wamelizunguka lango, na Darby Mannion, mzee mwenye mguu mfupi, alikuwa amesimama kizingitini na uma wa kugeuzia nyasi.

"Mchungaji wa Tuohy! Toka utueleze!"

"Nitoke nieleze nini? Mimi mwenyewe nimo kwenye orodha, mapunguani nyinyi! Namba saba ingeweza kuwa yangu!"

Lavelle alipita katikati yao kwa mabega. "Darby, nionyeshe kuku wako."

"Unanicheka?"

"Nionyeshe."

Mannion alimpeleka bandani. Manyoya yaliyoganda kwenye tope, ubao uliovunjwa na, kwenye kona, bata mmoja mwenye hasira. "Mbweha alikula jogoo na kuku wote wanane katika usiku mmoja. Huyu alibaki kwa sababu ya ulimi wake. Tangu mwezi wa pili nakula mayai ya bata, ya kijani. Umeridhika?"

Lavelle aliwarudia vijana. "Mtu hawezi kufukia mayai ya kuku asiyekuwepo. Nendeni mkaoge, mna mahali pa kwenda saa sita."

"Hatuendi popote mpaka ajulikane," alisema mmoja. "Na akijulikana, Sajini, usikae njiani."

Hawakuondoka. Walirudi nyuma hatua tano, wakakaa juu ya ukuta, fimbo magotini.

Saa tano kasorobo. Nyumba ya Bina Gilmartin ilikuwa ya mwisho kabla ya tope, chumba kimoja na jiko. Bina mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mdogo, mkavu, aliyemkaribisha polisi kwa kumvutia kigoda bila neno. Karibu na moto kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku kuku wa kahawia aliyejifutua manyoya na kukataa kuinuka.

"Ameatamia nini, mama?"

"Hana kitu. Nimemwondolea, bado hajakubali."

Lavelle alilitoa yai mfukoni, akaliweka mezani juu ya leso, msalaba juu. Bina aliliangalia kama mtu anayeangalia maandishi yake mwenyewe.

"Alama hii uliitia wewe."

"Mayai ya kuatamiwa hutiwa alama. Mkono ulitia wenyewe, nilikuja kuona baadaye."

"Na jogoo huna. Ulijua yataoza."

"Nilitaka yaoze. Mazima yangekuwa mayai tu. Mtu angeyapika."

"Fingo yenye msalaba juu yake, mama?"

"Sikutaka ng'ombe wa mtu afe!" Kuku alishtuka sandukuni. Bina akashusha sauti. "Wala baraka ya mtu siitaki. Nilitaka jembe lisiingie kona ile. Basi."

"Chini ya mti wa miiba."

Bina aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Penye mawe meupe," alisema Lavelle, na kabla hajamaliza alikuwa ameshajua. Kwao pia kulikuwa na kona ya namna hiyo, juu ya bahari. Makaburi ya kanisa hayapokei mtoto aliyekufa kabla ya maji ya ubatizo. Akina baba humbeba kwenye kisanduku cha sabuni hadi mahali pa mpakani pasipo na mwenyewe, huweka jiwe jeupe, na hawapataji tena.

"Wangu hakuwahi kulia," alisema Bina. "Padri alifika saa moja baadaye. Miaka thelathini na minne sasa. Toka mlangoni hapa naona mti ule. Siombi kipande kile, Sajini, nipe hata cha kwenye tope."

"Bwana Odlum alipima kona ile. Lazima aliuliza pana nini."

"Aliuliza, ndiyo. Wanaume saba walikuwa wamesimama pale. Wote wakamwambia mawe."

"Na wewe kwa nini hukumwambia?"

"Nani aliniuliza mimi?"

Moto ulilia. Lavelle aliangalia saa yake. Saa tano na dakika ishirini.

"Utanikamata?"

"Kwa sheria gani? Sheria haina habari na mayai."

"Utanitaja?"

Lilikuwa swali lenyewe. Asipomtaja mtu, namba hazitaokotwa, na fimbo zile ukutani kwa Mannion zitapata kazi. Akimtaja, mama huyu atakuwa mchawi wa Cloonbrack mpaka siku ya kufa, na jembe litaingia vilevile. Alilifunga yai, akasimama.

"Uje shuleni, mama," alisema. "Jina lako limo kwenye orodha."

Saa sita kasoro dakika kumi darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani, na bado hakuna aliyetaka kukaa mbele. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani. Kando yake kofia ya Odlum, vikaratasi vimo, imekaa peke yake kama mgonjwa wa ndui. Bina alikaa mlangoni, mikono ndani ya shali. Nje ya dirisha lilionekana sikio la farasi mwekundu.

Lavelle alipanda jukwaa la mwalimu, akafungua leso.

"Mnaliona hili? Lina msalaba. Yote kumi na matatu yalikuwa na msalaba. Mimi nimezaliwa na watu kama nyinyi, na fingo nazijua. Mama zangu, hebu niambieni: aliyewahi kusikia fingo iliyotiwa msalaba anyooshe mkono."

Akina mama walitazamana. Hakuna mkono.

"Mwenye nia mbaya hawezi kulibariki yai lake. Haya hayakuwekwa kuiba baraka ya mtu. Nimeyavunja kumi na mawili kwa mikono yangu, na bado nasimama."

"Basi yaliwekwa kwa nini?" alipaza sauti Festy. "Na nani?"

"Nani, sisemi. Kwa nini, mnajua. Si nyinyi vijana. Wazee wenu." Aliweka kidole kwenye ramani, kona ya juu ya kipande cha saba. "Bwana Odlum aliuliza hapa pana nini, akajibiwa mawe. Akaandika kilichosemwa. Leo hii mtu mmoja ataokota kona hii na wiki ijayo ataipiga jembe, na atafanya hivyo kihalali. Bwana Odlum yupo hapa. Penseli anayo. Atauliza mara ya pili, na mara ya tatu hakuna."

Odlum aliangalia saa yake, akamwangalia Lavelle, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakupenga kamasi.

"Kwenye kona hii," aliuliza, "pana nini?"

Wanaume walisoma ndani ya kofia zao. Saa ya ukutani ilikata dakika moja, ikakata nyingine. Dirishani sikio la farasi lilicheza. Lavelle alihisi jasho likimteremka mgongoni, ule mgongo mpana, akajua kwamba ameshapoteza.

"Si mawe," alisema Mzee Coyne.

Alisema akiangalia sakafu. "Tulikudanganya, bwana. Si kwa ubaya. Jambo hilo halisemwi. Wangu wawili wako pale."

Festy aligeuka kumtazama baba yake mdomo wazi. Hakuwa akijua.

"Sisi mmoja," alisema mtu wa dirishani.

"Mmoja."

"Mama yangu aliacha wawili."

Sauti zilitoka hapa na pale, fupi, kama mtu anayejibu orodha ya majina. Mwalimu alivua miwani. Odlum alichukua rula, akaanza kuchora mstari kuzunguka mti wa miiba, mwembamba, nadhifu, kona ya pembe tatu.

"Nitaandika pametengwa, pasilimwe na yeyote," alisema. "Hiki kipimo kinatosha?"

"Ongeza kidogo, bwana."

Kila kichwa kiligeuka. Nonie Fallon alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta, mashavu hayana rangi. Nonie ambaye kwa miaka ishirini alitangaza ya kila nyumba Cloonbrack.

"Wangu ni watatu," alisema. "Ongeza kidogo."

Odlum alifuta mstari, akaupeleka mbele zaidi, akaupeleka tena. Ukutani saa iligonga sita. Yeye aliirudisha ya kwake mfukoni bila kuifungua.

Mtu alimgusa Lavelle kiwiko. Ni Festy. "Nipe kofia yangu, Sajini." Aliichomoa mwenyewe kutoka kwenye mkanda, akaipiga gotini mpaka tope likaruka, akaichungulia ndani kwa muda mrefu kama mtu anayechungulia kisima. Halafu akaenda mezani, akavimimina humo vikaratasi vyote kutoka kwenye kofia ya Odlum, na saba ikiwamo.

"Nani anaanza?" aliuliza.

Hakuna aliyetaja jina. Mzee Coyne alisogea upande mmoja, wenzake wakasogea, wale vijana wenye fimbo wakaegemea ukuta, njia ikafunguka katikati ya darasa toka mezani mpaka mlangoni, pale alipokaa Bina Gilmartin. Alikaa akiitazama njia ile kitambo. Kisha akatoa mkono ndani ya shali, akaja.